Mshahara wa Mchezaji wa Gofu Haupo

Nimechoka kulisikia swali lile lile. Kila yanapotangazwa matokeo ya mashindano ya gofu ya Marekani, huulizwa mchezaji fulani analipwa kiasi gani kwa mwezi, kana kwamba PGA Tour, ziara ya mashindano ya gofu ya kulipwa ya Marekani, ni klabu ya mpira iliyomsajili. Wakiuliza wanywaji wa kahawa wa Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe hapa Zanzibar, nastahamili. Sasa, hata hivyo, wanalirudia pia vijana ninaowafundisha katika uwanja wa mashimo 9 ulioko kaskazini ya mji, ambao baadhi yao wanatamani kuiacha gofu ya ridhaa na kuingia katika ile ya kulipwa, na hao nina wajibu wa kuwaeleza wazi.

PGA Tour haimwajiri mchezaji. Nauli, malazi, mwalimu na ujira wa kedi, yaani mbebaji wa fimbo zake, ni juu yake mwenyewe, naye hutoka kama mvuvi aliyejaza mafuta ya mashine kwa fedha yake kabla bahari haijampa kitu. Mashindano ya kawaida ni raundi nne, yaani mashimo 72. Siku ya Ijumaa, baada ya mashimo 36, hufanyika mchujo, ambao kwa saa zetu mara nyingi hukamilika alfajiri ya Jumamosi tukiwa tumelala. Hubaki walio katika nafasi 65 za mwanzo pamoja na wote waliofungana katika ile ya 65, na wengine hufungasha fimbo zao bila ya sehemu yoyote ya zawadi. Tofauti baina ya makundi hayo mawili ni mkwaju mmoja tu, yaani pigo moja la mpira.

Hapa hunikatiza wale waliosoma kidogo, wakasema kwamba tangu mwaka 2023 kila mwenye kadi kamili amehakikishiwa dola 500,000 kwa msimu, kwa hiyo mshahara upo. Haupo. Fedha hiyo ni kijazio: mchezaji akichuma chini ya kiwango hicho huongezewa kilichopungua, na akichuma zaidi haongezewi chochote. Sharti lake ni kucheza mashindano yasiyopungua 15, na kwanza awe na kadi. Hili la kadi ndilo watu hawataki kulisikiliza, ilhali ndilo kiini cha msimu mzima. Kadi ni haki ya kuingia uwanjani, na asiyekuwa nayo hana dhamana, hana ratiba ya kutegemea, na huenda akalazimika kugombania nafasi chache katika raundi ya kufuzu ya Jumatatu, kabla mashindano hayajaanza. Tangu mwaka 1983 kadi zilibaki mikononi mwa wachezaji 125 wa mwanzo katika orodha ya msimu. Kwa hesabu ya mwisho wa 2025 idadi hiyo imeshushwa hadi 100.

Anayedhani kwamba thamani ya ushindi ni hundi na amtazame Nick Dunlap. Mwezi wa Januari 2024, akiwa mwanafunzi wa miaka 20 na mchezaji wa ridhaa, alishinda The American Express huko La Quinta, California. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola 1,512,000, asilimia 18 ya fungu zima la dola milioni 8.4, na yeye kwa kanuni za ridhaa hakuruhusiwa kuichukua. Ilikwenda kwa Christiaan Bezuidenhout wa Afrika Kusini, aliyekuwa wa pili. Lakini Dunlap alipata haki ya kucheza hadi mwisho wa msimu wa 2026. Siku chache baadaye akaingia rasmi katika gofu ya kulipwa, na mwezi wa Julai akashinda tena, safari hii akichukua fedha. Ningepewa nafasi ya kuchagua baina ya hundi ya Bezuidenhout na haki ya Dunlap, nisingesita kuichagua haki.

Nani basi ni bingwa wa msimu? Hapa nina shaka, na vitabu vya kufundishia huipita kimya. Orodha ikipangwa kwa fedha, wiki moja yenye fungu kubwa huzifunika wiki nyingi za kazi njema. Ikipangwa kwa pointi, kama FedEx Cup, kombe la msimu mzima la PGA Tour, inavyofanya tangu 2007, thamani ya kila mashindano huamuliwa na watu mezani. Mwaka 2025 Mmarekani Scottie Scheffler alifika Atlanta kwenye mashindano ya mwisho ya kombe hilo akiwa na ushindi mara tano, yakiwemo mashindano mawili makuu, na kombe likachukuliwa na Mwingereza Tommy Fleetwood, ambaye huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika ziara hiyo. Fleetwood alilistahili kwa kanuni zilizokuwapo, wala simnyang'anyi. Ila kijana akiniuliza nani alicheza vyema zaidi mwaka ule, nitamtaja Scheffler, na sina mfumo wa hesabu ninaoweza kuutetea utakaomridhisha kila mtu.

Baada ya Atlanta wengi huzima televisheni, wakaamini msimu umekwisha. Kwa walio kati ya nafasi ya 90 na ya 110, wanaogombania zile kadi 100, haujakwisha hadi RSM Classic, mwezi wa Novemba, huko Sea Island katika jimbo la Georgia. Raundi yake ya mwisho humalizika usiku mwingi kwetu, na atakayeikesha ataona watu wakitetemeka juu ya mkwaju wa futi nne, hali nafasi ya kwanza wameshaikosa tangu jana yake.