Ada ya uwakala ni nini, na kwa nini unakatwa na chama ambacho hukujiunga nacho

Muuguzi mmoja wa zahanati ya ndani kabisa huko Nanyumbu, kusini mwa Tanzania, alinionyesha slipu yake ya mshahara kwenye simu, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja. "Kaka, hawa mimi sijawahi kuwajazia fomu. Wamenipataje?" Mstari wenyewe ulikuwa na jina la chama cha wafanyakazi na tarakimu, basi. Haukusema kama ile ni ada ya uanachama au ni kitu kingine.

Ni kitu kingine. Kinaitwa ada ya uwakala: fedha anayokatwa mfanyakazi asiye mwanachama, kwa sababu chama kinajadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote walio katika eneo lile la kazi, yeye akiwemo. Analipia kusemewa. Uanachama halipii, na hana.

Msingi wake ni kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, sheria ambayo inawahusu pia watumishi wa umma ukiwaacha wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Ila ukisoma kifungu hicho peke yake utakiona kama wizi uliohalalishwa. Kisome pamoja na cha 67 na cha 71. Cha 67 kinasema chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo husika kina haki ya kutambuliwa na mwajiri kuwa wakala pekee wa majadiliano. Pekee, yaani hakuna wa pili mezani. Cha 71 kinasema mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu maslahi ya kazini, utakaofungwa na wakala huyo unawabana na kuwanufaisha hata wasio wanachama. Kwa hiyo kama tawi limepigania nauli ya likizo, sare au posho ya kuitwa usiku, mwajiri hawezi kumwambia muuguzi wetu kwamba wewe haikuhusu kwa kuwa huna kadi. Inamhusu. Na hapo ndipo wenye kadi wanapouliza: sisi tuchange, mwenzetu ale bure?

Watu wa kusini hawahitaji kwenda mbali kulielewa hili. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho ya Mtwara inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka gunia AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, korosho inaingia ghalani, mnada unafanyika, bei inayopatikana ni moja kwa mwenye hisa na asiye na hisa. Kabla fedha haijafika mkononi kuna makato ya kila kilo, na asiye mwanachama naye anakatwa, kwa kuwa mzigo wake umepitia mikono ileile na mizani ileile. Anachokosa ni kiti kwenye mkutano mkuu. Hana kura ya kumwondoa mwenyekiti, wala hasimami kuuliza fedha za magunia zimekwenda wapi. Ada ya uwakala ni makato ya namna hiyo, tofauti ni kwamba mkulima aliyekereka anaweza kushawishika kuwauzia wa kangomba, wanunuzi wasio rasmi, gizani, na muuguzi hana kangomba yake. Mshahara unakatwa hukohuko juu.

Sheria imeiwekea ada hii mipaka ambayo kwenye vikao vya matawi huisikii ikisemwa. Hakuna kulazimishwa kuwa mwanachama kwa sababu unakatwa. Katiba yenyewe, ibara ya 20, inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama chochote. Kiasi hakiwezi kuzidi kile anachokatwa mwanachama. Tufanye hesabu: kama chama kinawatoza wanachama wake asilimia 2, na mtumishi yuko kwenye kima cha chini cha serikali kilichotangazwa Mei Mosi 2025, yaani shilingi 500,000, basi mwanachama anakatwa 10,000, na asiye mwanachama 10,000 au pungufu, kamwe si 12,000. Lazima pia kuwe na makubaliano ya maandishi kati ya chama kinachotambuliwa na mwajiri. Bila karatasi hiyo hakuna uwakala, kuna makato tu.

Halafu kuna sharti la akaunti. Fedha za uwakala zinatakiwa zikae kwenye akaunti ya peke yake na zitumike kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi. Haziruhusiwi kwenda kwa chama cha siasa wala kwa mgombea. Wastaafu waliofanya kazi enzi za JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, hawawezi kulishangaa katazo hilo, maana JUWATA, iliyoundwa mwaka 1978, ilikuwa jumuiya ya CCM, na mpaka kati ya mchango wa mfanyakazi na mfuko wa chama tawala haukuwa kitu cha kuulizia hadharani. Mimi sharti hili la akaunti naliona ndilo lenye meno kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa nadra kuliko yote.

Sasa mtego. Watumishi wengi wakigundua makato huandika barua ya kujitoa. Kujitoa ni haki: mwanachama aliyejaza fomu ya TUF 6 kuridhia makato anaweza kuufuta uridhio huo kwa notisi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Lakini palipo na makubaliano ya uwakala, ukishajitoa unatoka mlango wa wanachama na kuingia mlango wa uwakala. Unakatwa vilevile, ila sasa huna kura. Nimewaona watu wakisherehekea barua imepokelewa masijala, mwezi unaofuata slipu ni ileile.

Kitu kinachoweza kuugusa uwakala ni idadi ya wanachama. Chukua eneo lenye wafanyakazi 100, wanachama 51. Chama kina wingi, kinatambuliwa, wale 49 wanalipa uwakala. Wakijitoa wawili, wanachama wamebaki 49, na wingi umekwisha, hata kama makato bado yanatoka kwa watu wote 100. Anayelipa uwakala hahesabiwi kuwa mwanachama. Kifungu cha 69 kinamtaka mwajiri akipe chama kilichopoteza wingi notisi ya miezi mitatu kiurudishe, na kikishindwa akiondolee utambuzi wa kuwa wakala pekee. Ndiyo maana fomu moja ya mtu wa zahanati ya mbali ina uzito kuliko anavyodhani yeye, na kuliko anavyodhani katibu wa tawi.

Kwa mtumishi wa afya jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu silaha nyingine hana. Kifungu cha 77 kinazitaja huduma za afya na maabara zake kuwa huduma muhimu, na walio kwenye huduma muhimu kwa kawaida hawaruhusiwi kugoma. Madaktari walipogoma mwaka 2012, Januari na tena Juni, Serikali ilikimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuuzuia mgomo. Mwalimu wa chekechea au mpiga chapa anaweza, kwa taratibu, kufika mahali akaweka chini zana zake. Mkunga hawezi. Akishanyimwa mgomo anabakiwa na meza ya majadiliano, na kwenye meza hiyo kiti ni kimoja, cha wakala.

Na meza inahamahama. Hapa ndipo mageuzi ya Serikali yanapoingia. Utambuzi wa chama unafungamana na mwajiri, hivyo mwajiri akibadilika inabidi swali la nani ana wingi liulizwe upya. Mwishoni mwa mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza hospitali za rufaa za mikoa zitoke TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, ziwe chini ya Wizara ya Afya. Ligula pale Mtwara na Sokoine pale Lindi zikahama mkono. Vituo vya afya na zahanati zikabaki kwa halmashauri. Wauguzi wawili waliosoma darasa moja, mmoja Ligula na mwingine zahanati ya manispaa hiyohiyo, wakawa na mabosi wawili tofauti. Vyama navyo vinapakana hapo: TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, na TALGWU, cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, vyote vina wanachama miongoni mwa watumishi wa afya. Nenda Ndanda au Nyangao, hospitali za kanisa zinazopokea pia watumishi wa serikali, utakuta katika wodi moja watu wanaopokezana zamu huku mishahara yao ikitoka mifuko miwili. Nani wakala wa nani? Jibu halipatikani kwa kuangalia sare.

Mengine yanakuja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na kila mgonjwa mwenye bima ni fomu za madai za kujazwa na mtu yuleyule anayechoma sindano. Upimaji wa utendaji umehama kutoka OPRAS ya makaratasi kwenda PEPMIS ya kwenye kompyuta, ambayo kwenye zahanati yenye mtandao wa kubahatisha ni kazi ya kupanda juu ya mwembe. Mambo haya yanaamuliwa Dodoma, sawa, lakini namna yatakavyotekelezwa Nachingwea au Liwale, nani apewe muda, nani alipwe saa za ziada, ni mambo ya kuwekwa kwenye mkataba wa hali bora na kusemwa kwenye baraza la wafanyakazi. Anayelipa uwakala atafungwa na kitakachokubaliwa. Hataulizwa.

Mimi siipingi ada hii. Anayevuna jasho la wenzake achangie. Ila imewalemaza wengi wa wale wanaoipokea. Fedha inayokuja yenyewe kutoka hazina kila mwezi haimlazimishi kiongozi kupanda bodaboda kutoka Masasi mjini mpaka zahanati ya mwisho kabla ya mto Ruvuma kumshawishi mtu mmoja ajaze fomu. Ndiyo maana ukiwauliza watumishi chama kimewafanyia nini, jibu la haraka ni kofia na fulana ya Mei Mosi. Wao nao wana lawama yao, maana wanalipa sawa na mwenye kura, kisha wanaiacha kura.

Muuguzi wa Nanyumbu nilimshauri amwandikie afisa utumishi, nakala kwa katibu wa tawi, aulize mambo matatu: makato haya ni ya uanachama au ya uwakala, makubaliano ya uwakala yalisainiwa lini, na akaunti yake ni ipi. Akaandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu. Katibu alimpigia simu siku hiyohiyo, mpole kabisa, akimwita mdogo wangu, akamwomba ajaze TUF 6 mambo yaishe. Akamjibu kwamba atajaza, kura anaitaka, lakini kwanza auone huo mkataba. Mara ya mwisho tulipozungumza alikuwa ameambiwa nakala ipo, ila kabati limefungwa na mwenye ufunguo yuko likizo.