Skana Nzima, Draiva Hakuna

Ukizunguka maduka ya saiba hapa Lamu, hukosi kuona skana iliyowekwa juu ya kabati, inakula vumbi la chokaa. Ukiuliza, utaambiwa imekufa. Ninazoletewa mimi hapa mtaa wa Usita wa Mui nyingi ni nzima kabisa: taa inawaka, kichwa kinasogea. Siku kompyuta ya dukani ilipobadilishwa, ndipo "ilipokufa".

Kibodi ya USB ya kampuni yoyote ukiichomeka unaandika papo hapo, kwa sababu kibodi zote zinafuata utaratibu mmoja. Skana za mezani hazikupata bahati hiyo. Kompyuta huiuliza skana wewe nani, nayo hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya modeli. 04A9 ni Canon, 04B8 ni Epson. Kuanzia hapo kila mmoja ana amri zake za kuwasha taa, kusogeza kichwa na kutoa picha mstari baada ya mstari, na wengi hawazitoi hadharani. Anayezijua ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa.

Sasa programu ya kuskani haiwezi kujifunza amri za kila modeli duniani. Ndiyo maana mwaka 1992 ukatoka mwafaka wa TWAIN: programu inaomba picha kwa njia moja, na mtengenezaji analeta kipande chake cha kujibu, pamoja na lile dirisha lake la kuchagua rangi na dpi (nukta kwa kila inchi). Baadaye Microsoft wakaleta WIA, njia yao wenyewe ya kazi hiyo hiyo, iliyoanza na Windows Me.

Kinachoua skana zetu ni biti, yaani kipimo cha data ambayo Windows au programu hushughulikia kwa mkupuo: 32 kwa za zamani, 64 kwa za sasa. Windows ya biti 64 haikubali draiva ya biti 32 iguse kifaa, na kama mtengenezaji hakuona faida ya kuiandika upya, basi. Lakini kuna hali nyingine inayofanana nayo na dawa yake ni rahisi: draiva ipo, ila kipande cha TWAIN ni cha biti 32 na programu yako ni ya biti 64, kwa hiyo haikioni. Tazama ndani ya C:\Windows\twain_32. Kikiwa humo, weka programu ya kuskani ya biti 32 na kazi itaendelea. Nimeona watu wakinunua skana mpya kwa jambo hili tu, na inaniuma.

Kwa ile iliyotupwa kabisa na mtengenezaji wake mimi hukimbilia Linux, mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows. Huko kuna SANE, mkusanyiko wa draiva na programu za kuskani, na mpango wake naupenda kuliko TWAIN, kwa sababu dirisha liko mbali na draiva iko mbali. Skana iliyochomekwa kompyuta moja inaweza kutumiwa na nyingine kupitia mtandao. Tena draiva moja, kama ile ya genesys, inahudumia modeli kadhaa kwa kuwa ndani yake zina chipu za ukoo mmoja.

Printa za kisasa za Wi-Fi zenye skana zimeanza kutuondolea adha hii kwa eSCL, utaratibu mmoja wa kuskani kupitia mtandao. Hapo mazungumzo ni HTTP, kama ya kufungua tovuti, na draiva ya mtengenezaji haihitajiki. Hati ya shamba ya A4 kwa rangi na dpi 300 ni nukta 2480 kwa 3508, karibu MB 26 ikiwa mbichi. Mashine hizi huweza kuibana kuwa JPEG zenyewe kabla ya kuituma.

Kwa hiyo ukitaka kuuziwa skana ya mtumba kutoka Mombasa, taa isikudanganye. Nenda na flashi yenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, washa kompyuta ya muuzaji kwa hiyo flashi bila kugusa Windows yake, chomeka skana, fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika scanimage -L, amri ya kuorodhesha skana zinazoonekana. Ikitajwa, skani ukurasa mmoja hapo hapo, kisha ndio mpatane bei. Isipotajwa, mwombe draiva inayofanya kazi kwenye toleo la Windows unalotumia. Akianza kukuhadithia habari za CD iliyopotea, mwachie skana yake.