Kupiga na Miles Davis hakumpi mtu makala

Rasimu nyingine ya makala ya Wikipedia imeingia kwenye foleni ya uhakiki, na sentensi yake ya kwanza ni ileile: mpiga saksafoni wa jazz "mashuhuri" ambaye "amewahi kupiga na", halafu majina kumi na mawili, yote yenye viungo vya bluu, yaani ya watu wenye makala tayari. Chini kuna marejeo 23. Ukiyafungua moja baada ya jingine, hakuna hata moja linalomzungumzia yeye zaidi ya mstari mmoja. Na rasimu ikikataliwa, swali linalofuata ni lilelile pia: "Mtu aliyepiga na fulani anakosaje makala?"

Anakosa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na kanuni ya Wikipedia inasema hivyohivyo kwa adabu zaidi: sifa ya kustahili makala hairithiwi. Hairithiwi kwa baba, kwa mwalimu, wala kwa kiongozi wa bendi.

Nazungumzia Wikipedia ya Kiingereza, kwa sababu huko ndiko rasimu nyingi za jazz zinakogonga mwamba. Wikipedia za lugha nyingine zina taratibu zake, na kukubaliwa kwenye moja si hoja kwenye nyingine. Tusibishane hapo.

Kipimo kikuu ni kifupi: vyanzo kadhaa vya kuaminika, visivyo na uhusiano na msanii, vilivyomwandika kwa kina. Hakuna mahali kinaposema awe fundi. Hakisemi hata awe amerekodi. Buddy Bolden, mwanamuziki wa jazz ya mwanzo wa New Orleans, hana rekodi hata moja iliyobaki. Aliingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, akafia huko mwaka 1931. Makala yake haina mjadala, kwa sababu watu wamemtafiti na kumwandika, ukiwemo wasifu mzima wa Donald Marquis uliochapishwa mwaka 1978. Wakati huohuo mpiga besi anaweza kuwa kwenye rekodi mia mbili na asiwe na aya moja iliyoandikwa juu yake. Inauma, lakini kamusi elezo inafupisha yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Pasipo maandishi hakuna cha kufupisha, na makala inageuka kuwa orodha ya ajira.

Halafu kuna vile vigezo 12 vya Wikipedia kwa wanamuziki, ambavyo watu huvisoma kama leseni. Rudi kwenye sentensi inayovitangulia: inasema mwanamuziki "anaweza" kustahili iwapo ametimiza kimoja. Maana yake ni kwamba ukitimiza, tunategemea vyanzo vipo mahali fulani. Tukivitafuta tukavikosa, kigezo hakikuokoi. Chati za taifa na rekodi ya dhahabu, kwa jazz, sahau. Mashindano makubwa, nafasi tatu za kwanza, sawa, hayo ni rahisi kuthibitisha. Tuzo zinahitaji jicho kali kidogo. "Aliwasilishwa kwa ajili ya Grammy" maana yake mtu alijaza fomu. Walioteuliwa ni wale wachache wanaobaki baada ya kura. Na aliyepiga trombone ya tatu kwenye albamu ya bendi kubwa iliyoshinda hajawa mshindi wa Grammy. Cheti cha ushiriki si tuzo. Kura za kila mwaka za wahakiki wa jarida la jazz la DownBeat nazo, kwenye kundi la wanaochipukia, ni jina kwenye orodha: dalili nzuri kwamba kuna mtu anamfuatilia, lakini ni mstari mmoja.

Kigezo cha lebo kinataka albamu mbili au zaidi kwenye lebo kubwa, au lebo huru muhimu yenye miaka kadhaa na wasanii wengi wanaojulikana. ECM ya Munich, iliyoanza mwaka 1969, inapita bila maswali. SteepleChase ya Copenhagen vilevile. Shida ni lebo ambazo msanii ndiye anayelipia studio na kuchapisha nakala, kisha nembo inabandikwa juu. Kwa nje hazitofautiani. Angalia kama lebo ilichagua au iliuza huduma. Na kigezo hiki kina ukatili wake wa kihistoria. Mpiga saksafoni Tina Brooks alirekodi vipindi vinne kama kiongozi kwa lebo ya Blue Note kati ya mwaka 1958 na 1961, lakini ni albamu ya True Blue pekee iliyotoka akiwa hai. Alifariki mwaka 1974. Kwa hesabu ya albamu mbili, Brooks angeanguka maisha yake yote kwa sababu ya kanda zilizokaa kabatini kwa uamuzi wa watu wengine. Leo hakuna anayemhoji, maana kanda zilitoka na waandishi wakaandika.

Sasa tufike kwenye kigezo kinachoharibu rasimu nyingi kuliko vyote: cha kuwa mwanachama mwenye nafasi ya maana katika vikundi viwili au zaidi ambavyo vyenyewe vinastahili makala. Kimekaa kama kimeandikwa na mtu aliyekuwa akiwaza bendi za rock, ambako kuna watu wanne, jina moja, na siku ya kuvunjika. Kwenye jazz neno "kwarteti" mara nyingi ni jina la waliofika studio siku hiyo. Kiongozi anasafiri na tarumbeta lake peke yake, mwandaaji anamtafutia piano, besi na dramu za mji ule, wanapiga usiku mbili, bango linasomeka Kwinteti ya Fulani. Miaka thelathini baadaye rasimu inaandika: "alikuwa mwanachama wa Kwinteti ya Fulani." Hapana. Aliajiriwa kwa usiku mbili. Hakuna aibu ndani yake, hiyo ndiyo kazi yenyewe ya mwanamuziki wa jazz, ila si uanachama.

Linganisha na Jazz Messengers, bendi ya mpiga dramu Art Blakey, iliyodumu tangu miaka ya 1950 hadi alipofariki mwaka 1990. Watu waliingia na kutoka, na ukisema Lee Morgan au Wayne Shorter alikuwa mwanachama, kila mtu anajua kipindi gani unachosema. Au kwarteti ya mpiga piano Dave Brubeck pamoja na Paul Desmond, Eugene Wright na Joe Morello, iliyokaa na watu walewale hadi mwisho wa mwaka 1967. Hizo ni bendi. Kwa wengine wote nauliza hivi: jina lake liko kwenye jalada, au kwenye orodha ya waliopiga tu? Kuna mtu mwingine, si yeye, aliyeandika lini aliingia na lini alitoka? Mhakiki wa albamu alisema lolote kuhusu upigaji wake, au alimtaja kwenye mabano? Nikipata "mabano tu" kwa kila swali, kigezo hakijatimia hata kama vikundi ni kumi.

Hili halina maana kwamba anayepiga nyuma ya wengine hana nafasi. Freddie Green alipiga gitaa kwenye bendi ya Count Basie kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, solo zake ni za kutafuta kwa tochi, na bado ameandikwa kwa kina kwa sababu ule mkono wake wa ridhimu umekuwa somo lenyewe. Dupree Bolton, mpiga tarumbeta, anajulikana hasa kwa albamu mbili za wengine: The Fox ya Harold Land, iliyorekodiwa mwaka 1959, na Katanga! ya Curtis Amy ya mwaka 1963. Mbili tu. Lakini waandishi walimsaka, wakamwandika. Kwa hiyo rekodi mbili zimetosha kwa huyu na mia mbili hazikutosha kwa yule, na kama hilo linakukera, kasirikia waandishi wa jazz.

Orodha ya "aliopiga nao" ina kazi moja tu: inakuonyesha pa kutafuta. Kila jina ni albamu, kila albamu ina uhakiki, kila ziara ina magazeti ya miji ilikopita. Ukishavuna hayo, ifute orodha. Makala inasomeka vizuri bila hiyo.

Turudi kwenye yale marejeo 23, jinsi yanavyopungua. Tovuti yake, toa. Ukurasa wa tamasha wenye wasifu wake: chukua sentensi moja ndefu, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute. Ikijitokeza neno kwa neno kwenye tamasha jingine, klabu na shule ya muziki, basi hayo yote manne ni maandishi yake mwenyewe. Toa manne. Discogs na MusicBrainz, hifadhidata za rekodi mtandaoni, hujazwa na watumiaji, toa. Spotify na YouTube zinathibitisha kwamba sauti ipo, toa. Matangazo ya "Jumamosi saa mbili usiku", toa. Kurasa za wasifu kwenye tovuti ya All About Jazz huweza kujazwa na wanamuziki wenyewe, toa. Uhakiki wa albamu kwenye tovuti hiyohiyo uliosainiwa na mwandishi ni jambo tofauti, uache kwanza. Tovuti ya AllMusic, orodha ya kazi zake toa, wasifu uliosainiwa na mwandishi bakiza. Mahojiano: majibu yake ni maneno yake, hayahesabiki, aya tatu za utangulizi za mwandishi zinaweza kuhesabika. Taarifa ya lebo kwa vyombo vya habari toa, pamoja na gazeti lililoinakili bila kubadilisha nukta. Tangazo la kifo lililolipiwa na familia toa. Tanzia iliyoandikwa na mwandishi wa gazeti ni dhahabu. Mara nyingi tunabaki na mawili. Wakati mwingine tunabaki na Bill Evans asiye yeye: kuna mpiga piano aliyefariki mwaka 1980, na kuna mpiga saksafoni aliyezaliwa mwaka 1958, na wote wawili walipiga na Miles Davis. Angalia ala na mwaka kabla ya kubandika rejeo.

Maelezo ya majalada ya santuri yananisumbua kuliko vyote. Nat Hentoff, Ira Gitler na Leonard Feather waliandika mengi, kwa ujuzi wa kweli, na kwa malipo ya lebo. Si vyanzo huru, kwa hiyo kwenye hesabu ya kustahili navitoa, lakini navitumia kwa tarehe na mahali pa kuzaliwa, kwa sababu mara nyingi hakuna pengine palipoandikwa. Zipo makala za zamani zilizosimama juu ya majalada hayo na hakuna anayezigusa, huku rasimu mpya yenye jalada lilelile inakataliwa. Sina utetezi wa hilo.

Wala sina jibu la "kwa kina" ni kiasi gani. Hakuna idadi ya maneno iliyowekwa. Wapo wanaotaka nusu ukurasa, wapo wanaoridhika na aya moja nzito, na mhakiki aliyechoka si sawa na mhakiki wa asubuhi. Tena vyanzo vinafuata waandishi walipoishi. Aliyepiga New York ana maandishi. Fundi wa hali ileile aliyebaki kwao kufundisha hana. Wanawake wameandikwa kwa kutajwa mavazi kuliko muziki, na aya ya mavazi ni ngumu kuitetea kwenye mjadala wa kufuta. Kipimo chetu kinabeba upendeleo wote huo na kuuita kutoegemea upande.

Ndiyo maana kutafuta kidogo kwenye Google kisha kusema "hakuna vyanzo" ni uvivu, hasa kwa waliovuma kabla ya intaneti. Magazeti ya Chicago Defender na Pittsburgh Courier yaliwaandika wanamuziki Weusi ambao majarida ya jazz yaliwapita, na magazeti hayo yamewekwa kidijitali nyuma ya malipo. Mhariri mwenye mabadiliko 500 na akaunti ya miezi sita huingia bure kwenye hifadhi nyingi kupitia Maktaba ya Wikipedia, mradi awe na mabadiliko 10 ndani ya mwezi uliopita. Jazzinstitut ya Darmstadt, Ujerumani, ina faharasa kubwa ya maandishi ya jazz. Waandikie jina la mwanamuziki, watakutumia orodha ya makala zilizomtaja, na namba za kurasa. Ukurasa mmoja ni dokezo. Kurasa 34 hadi 37 ni makala ya kumhusu.

Ukishakusanya, leta vitatu vilivyo bora, si 23. Viweke juu ya ukurasa wa majadiliano wa rasimu, kila kimoja na sentensi inayosema kina aya ngapi kumhusu na nani aliandika. Kama wewe ni mwanamuziki mwenyewe, mkewe, mumewe au meneja wake, sema hivyo hapohapo. Kama umelipwa, kutangaza hilo ni sharti la matumizi ya Wikipedia, si hiari. Vyanzo visipotosha, omba jina lake lielekezwe kwenye makala ya bendi aliyokaa kweli, na historia ya ukurasa itabaki kwa siku vyanzo vitakapotokea. Rasimu isiyoguswa kwa miezi sita inaweza kufutwa. Haijapotea: omba irudishwe, na utakapoirudisha kwenye foleni, ondoa ile orodha ya majina kumi na mawili.