Aprili mjini Nizwa: yanayosemwa kuhusu mvua ya jangwani na yaliyo kweli

Mtu aliyekulia Unguja au Mombasa akihamia Nizwa, mji wa bara ya Oman ulio chini ya milima ya Hajar, huja na Aprili yake kichwani. Aprili kwake ni masika: wingu linalotanda tangu alfajiri, mvua ya saa nyingi, na ardhi inayoloa taratibu. Nizwa humwonyesha jambo jingine. Katika wiki moja anaweza kuamka asubuhi akahitaji shuka, akapita mchana wa nyuzi 36, akaona ukuta wa vumbi ukija kutoka uwandani, akasikia ngurumo jioni bila kuona tone, na siku mbili baadaye akakuta barabara aliyoipita jana imefunikwa na maji ya rangi ya udongo. Wazee wa pwani walikuwa na neno la majira ambayo upepo hauna msimamo, kaskazi ikiwa inakwisha na kusi haijaanza: tangambili. Neno hilo lafaa hata huku bara ya Oman, ingawa sababu za vurugu yenyewe ni nyingine.

Wazungumzaji wa Kiswahili ni wengi katika miji ya Oman, na baadhi ya dhana zinazopokezanwa miongoni mwetu kuhusu hali ya hewa ya jangwani si makosa madogo ya kielimu, kwani zimo zinazoua. Ndiyo maana nazipitia hapa, nikianza na nyepesi.

"Jangwani hakuna mvua ya kutisha"

Ni kweli kwamba mvua ya mwaka mzima uwandani, Nizwa ilipo, kwa kawaida haifiki hata milimita 100, ilhali Unguja hupata takriban milimita 1,600. Lakini jumla ya mwaka haisemi mvua hiyo inanyesha vipi. Milimita 100 zikigawanywa katika siku sitini ni manyunyu. Zikishuka katika alasiri mbili au tatu ni gharika. Jangwa hutambuliwa kwa uhaba wa maji katika jumla ya mwaka, wala si kwa upole wa mvua yake.

Majira ya kuchipua ndiyo yenye vurugu zaidi kwa sababu hewa ya juu na ya chini huwa zinaishi katika misimu miwili tofauti. Chini, jua la Machi na Aprili limekwisha kuanza kuichoma ardhi. Juu, kilomita tano na zaidi, bado hupita mikondo ya hewa baridi inayotoka upande wa Bahari ya Kati (Mediterania), mabaki ya kipupwe. Upepo ukileta unyevu kutoka Bahari ya Oman, na milima ya Hajar, ambayo kilele chake kinafika karibu mita 3,000, ikiusukuma unyevu huo juu, mawingu hujijenga kama minara kuanzia adhuhuri, na ifikapo alasiri yameiva.

Hapo hapo ndipo inapoangukia dhana nyingine, kwamba mvua ya mawe ni ya nchi za baridi. Msomaji wa Kenya hahitaji kuambiwa kwamba si kweli, kwa kuwa wakulima wa chai wa Kericho, karibu kabisa na ikweta, wanaijua mvua ya mawe kuliko wakazi wa nchi nyingi za baridi. Barafu hutengenezwa juu ndani ya wingu, palipo na baridi kali, na huanguka kabla haijawahi kuyeyuka. Katika Jabal Akhdar, juu ya Nizwa, mawe haya huja wakati uleule waridi zinapochanua, na mwenye shamba la waridi anaweza kupoteza mavuno ya asubuhi yote kwa dakika kumi.

Baridi ya usiku nayo haina haja ya maelezo marefu. Hewa kavu na anga isiyo na mawingu huacha joto la ardhi lipae usiku bila kizuizi, kwa hiyo tofauti ya nyuzi 15 kati ya mchana na alfajiri ni jambo la kawaida. Ukipanda hadi Sayq, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unakuta hewa ya baridi zaidi kwa nyuzi kumi na zaidi kuliko uliyoiacha mjini. Aendaye huko na watoto abebe masweta hata kama mjini wanatokwa jasho. Na abebe maji pia, kwa sababu hewa kavu yenye upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, na mtu huweza kupungukiwa na maji mwilini siku ambayo anaisifu kwa ubaridi wake.

"Wingu lilikuwa jeusi na mvua haikunyesha, basi utabiri ni uongo"

Tazama vizuri chini ya wingu kama hilo. Mara nyingi utaona mishirizi ya kijivu inaning'inia kama pazia lililokatwa kabla ya kufika sakafuni. Hiyo ni mvua, nayo inanyesha kweli, ila matone yanakutana na hewa kavu na ya joto njiani, yanageuka mvuke kabla ya kugusa ardhi. Mtabiri hakudanganya aliposema kuna mawingu ya mvua.

Jambo la kuzingatia ni linalofuata. Matone yanapogeuka mvuke hupoza hewa iliyoyazunguka, na hewa iliyopoa huwa nzito, ikaporomoka hadi chini, ikatawanyika kwa kasi juu ya ardhi pande zote. Upepo huo wa ghafla ndio unaoinua ukuta wa vumbi ambao watu huudhani kuwa umetoka kwenye vilima vya mchanga vya mbali. Mchanga wenyewe ni mzito na huruka karibu na ardhi, aghalabu chini ya kimo cha mtu. Kinachopanda mamia ya mita na kulifunika jua ni vumbi laini la udongo mkavu, hasa la mito iliyokauka na ardhi iliyovurugwa na magari na ujenzi. Wenye pumu wanapaswa kuogopa hilo laini kuliko ule mchanga unaochoma miguu. Na dereva anayeuona ukuta huo asijipe moyo kwamba dhoruba imekwisha kwa kuwa tone halijaanguka: ukuta wa vumbi mara nyingi ndio mjumbe wa kwanza wa wingu lililo nyuma yake. Radi nayo huweza kupiga kilomita kumi au zaidi kutoka mahali mvua inaponyesha, na mtende mmoja uliosimama peke yake ndilo kimbilio baya kuliko yote.

"Mvua ya Aprili 2024 ilitengenezwa kwa ndege"

Dhana hii ilienea kwa simu kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili ndani ya siku moja, na hadi leo wapo watu wazima, wasomi, wanaoisimulia kama habari iliyothibitishwa. Tarehe 16 Aprili 2024 kituo cha Khatm al-Shakla katika eneo la Al Ain, mji wa Imarati (Falme za Kiarabu) unaopakana na Buraimi ya Oman, kilipima milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24. Hakikuwahi kupimwa kiasi kama hicho nchini humo tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Dubai ilizama, uwanja wake wa ndege ukasimama, na kwa kuwa Imarati ina mpango unaojulikana wa mvua ya kutengeneza, watu waliunganisha mambo mawili haraka.

Mvua ya kutengeneza haitengenezi wingu. Ndege hupita kwenye wingu ambalo tayari lipo na lina unyevu, ikafyatua chembe za chumvi ili mvuke upate pa kushikana na matone yakue. Hata wanaoitetea kazi hiyo husema inaongeza sehemu tu ya mvua ambayo wingu lingeitoa. Mfumo uliokuja Aprili ile ulikuwa mkanda mpana wa mgandamizo mdogo wa hewa, uliokokota unyevu kutoka Bahari ya Arabuni kwa siku kadhaa na kuumwaga kuanzia Oman hadi Imarati. Watabiri waliuona siku kadhaa kabla haujafika. Mvua zilianza kuua Oman tarehe 14, siku mbili kabla ya picha za Dubai. Kituo cha hali ya hewa cha Imarati kilisema wazi kwamba hakikurusha ndege za kazi hiyo wakati wa dhoruba.

Linaloniuma katika dhana hii ni kwamba inatupumzisha. Ikiwa gharika ni kosa la rubani, basi hakuna haja ya kuuliza kwa nini nyumba zimejengwa kwenye njia ya maji, au kwa nini mitaa mizima haina mitaro. Tena hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hilo haliondoki kwa kuzizuia ndege zisiruke.

"Mvua ni neema, mitende itafurahi na falaji itajaa kesho"

Neema ndiyo, na hakuna anayeisubiri kama mkulima wa Nizwa. Lakini dua yenyewe tunayoisoma mvua inaponyesha humwomba Mwenyezi Mungu aifanye mvua yenye manufaa, na anayefuga mitende anajua kwa nini. Kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Aprili karara (vifuko vya maua) za mitende jike hupasuka, na mkulima hupanda na vishada vya maua ya mtende dume, akavichomeka katikati ya ua jike na kulifunga kwa kuti ili chavua imwagike juu yake. Mvua ikinyesha saa chache baadaye huikosha chavua yote, na baridi inayoifuata huchelewesha kushika kwa tunda. Mwenye busara huhifadhi chavua kavu nyumbani ili arudie kazi. Asiyerudia huja kuona Juni kwamba kole lina tende zisizo na kokwa, ndogo, zisizofaa sokoni.

Kuhusu falaji, yaani ile mifereji ya kale inayoleta maji shambani, jibu hutegemea ni falaji ya aina gani. Ile inayoitwa ghaili huchukua maji ya juu ya wadi, yaani mkondo wa mto unaokauka, nayo hujaa mara baada ya mvua na kupungua upesi. Falaj Daris ya Nizwa, mojawapo ya tano zilizoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006, ni ya aina ya daudi: huchota maji ya chini ya ardhi kwa handaki. Maji ya mvua huhitaji wiki au hata miezi kupenya changarawe hadi kuifikia, na yale yanayopita kwa ghadhabu hayapenyi sana, huishia uwandani. Ndiyo kazi ya mabwawa kama la Tanuf karibu na Nizwa: kuyapunguza kasi maji hayo yapate muda wa kuzama.

"Hapa hakujanyesha, wadi haiwezi kushuka"

Nimeliacha hili mwisho kwa kuwa ndilo zito. Wadi ni mkondo wa mto usio na maji sehemu kubwa ya mwaka; ikisemwa imeshuka, maana yake maji ya mafuriko yamekuja. Na Nizwa imekaa penye makutano ya mikondo hiyo. Siku ya Ijumaa, watu wanapokuja kwenye mnada wa mbuzi tangu alfajiri, magari huegeshwa juu ya changarawe nyeupe ya wadi kando ya soko, kwa kuwa ndipo palipo na nafasi. Mgeni asimame hapo atazame mkunazi ulio ukingoni. Mara nyingi ataona majani makavu, vipande vya plastiki na vijiti vimenasa katika matawi, vyote vimeelekea upande mmoja, juu kuliko kichwa chake. Hakuna aliyevitundika. Ndipo maji yalipofika.

Maji hayo hayakunyesha sokoni. Yalinyesha milimani, makumi ya kilomita kutoka hapo, juu ya mwamba mtupu usio na udongo wala msitu wa kuyanywa, yakateremka kwa mikondo mingi inayokutana. Mjini jua linaweza kuwa linawaka. Ishara ni wingu zito upande wa mlima, mvumo kama wa lori lililo mbali, na maji membamba ya kahawia yanayotangulia yakiwa yamebeba takataka. Baada ya hapo hubaki dakika chache, pengine hata hizo hazipo.

Dereva wa gari kubwa hudhani uzito utamlinda. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 huyasomba magari mengi, makubwa yakiwemo, kwa sababu gari lenye hewa ndani huelea na magurudumu hupoteza mshiko. Kasi ya maji ikizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Sheria ya Oman humwadhibu anayevuka wadi iliyoshuka kwa makusudi. Tarehe 14 Aprili 2024, huko Samad al-Shan, gari lililobeba wanafunzi lilisombwa na watoto wakafa. Jumla ya waliofariki nchini katika siku zile ilikuwa takriban watu 20.

Na wapo wanaofariki baada ya hatari kuonekana imepita. Mkondo hupungua, mawe yanaanza kuonekana, watu waliosubiri saa mbili ukingoni wanawasha magari. Lakini wadi kubwa ina matawi marefu na mafupi: maji ya tawi la karibu hufika kwanza na kwisha, ya tawi la mbali yangali njiani, nayo yakifika huwa yamekusanya zaidi. Wenyeji hawavuki hadi wapate simu kutoka kijiji cha juu kwamba huko nako kumekauka.