Nani Apewe, na kwa Sharti Gani? Dhana Potofu Kuhusu Misaada ya Serikali na Mrengo wa Kati-Kulia

Barazani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, baada ya Isha, kikombe cha kwanza cha kahawa chungu hakijapoa kabla mazungumzo hayajafika Uingereza. Kila nyumba ina mtu wake kule: huyu binti yake ni muuguzi, huyu mpwa wake anasoma, yule nduguye alihamia Leicester zamani. Serikali ya huko ikigusa posho inazowapa watu wake, habari hutufikia usiku huohuo kwa simu, na hutufikia imeshapinda. Wanasiasa wa mrengo wa kati-kulia, yaani wahafidhina wa wastani, ndio wanaolaumiwa zaidi. Mimi sikubaliani nao katika kila jambo, na nitasema wapi. Lakini ukitaka kumpinga mtu, mpinge kwa alilolisema.

"Wanataka misaada ifutwe"

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo lililo mbali zaidi na ukweli. Barani Ulaya wahafidhina nao wameshiriki katika kuijenga hifadhi ya jamii. Ujerumani, bima ya afya ya wafanyakazi ilianza mwaka 1883 chini ya kansela Bismarck, ikafuatwa na bima ya ajali mwaka 1884 na ya uzee mwaka 1889, na Bismarck huyo alikuwa adui mkubwa wa wasoshalisti. Baada ya vita, kansela Konrad Adenauer wa CDU, chama cha kihafidhina, ndiye aliyefungamanisha pensheni na mishahara, mwaka 1957. Nchini Uingereza, serikali ya mseto ya mhafidhina David Cameron iliweka utaratibu kwamba pensheni ya serikali ipande kila mwaka kwa kipimo kilicho juu zaidi kati ya vitatu: bei za bidhaa, mishahara au asilimia 2.5. Na korona ilipoingia mwaka 2020, chama cha Conservative, kikiwa madarakani, kiliongeza pauni 20 kwa wiki kwenye posho kuu ya nchi, nyongeza iliyodumu hadi Oktoba 2021.

Wanachobishania ni mpaka wa msaada: nani apewe, kiasi gani, kwa muda gani, na yeye atakiwe kufanya nini. Kwetu sisi wa pwani jambo hilo si geni. Zaka ina mafungu yake manane, yamehesabiwa, na mwenye nguvu na kipato cha kumtosha hahesabiwi miongoni mwa mafakiri. Sijasikia mtu akidai kwamba kuyataja mafungu hayo ni kumchukia aliyebaki nje.

"Anayepokea posho ni mvivu, ndiyo maana wanabana"

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya wale wanaoushabikia mrengo huo bila kuusoma. Ami yangu mmoja huisema kwa nguvu zote, naye ni mtu ninayemheshimu sana, lakini hapa amekosea.

Nchini Uingereza, sehemu kubwa kuliko zote ya fedha za hifadhi ya jamii inakwenda kwa wazee kama pensheni. Miongoni mwa wanaopokea Universal Credit, ile posho kuu ya watu wa umri wa kufanya kazi, takriban theluthi moja wana kazi. Wanaamka alfajiri kama mimi na wewe, ila mshahara na kodi ya nyumba havilingani.

Hoja nzito ya wahafidhina wenye fikra inahusu hesabu, wala haina haja ya kumwita mtu mvivu. Tuseme mama anauza nguo Kongowea, na kuna msaada anaopokea. Kila anapopata shilingi 100 za ziada, msaada wake unapunguzwa shilingi 90. Atakesha sokoni kwa shilingi 10? Akibaki nyumbani na wanawe, amefanya hesabu yake sawasawa, na kosa ni la aliyeuunda mfumo. Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa kwa baadhi ya Waingereza: posho zilikuwa nyingi, kila moja na kanuni zake, na mtu akiongeza saa za kazi zilipungua zote kwa pamoja hadi akapoteza zaidi ya peni 90 katika kila pauni.

Iain Duncan Smith, mhafidhina aliyepewa wizara ya kazi na pensheni mwaka 2010, alipitisha sheria ya mwaka 2012 iliyounganisha posho sita kuwa moja, Universal Credit. Makato yalianza kwa peni 65 katika kila pauni, yakashuka hadi 63 mwaka 2017, na tangu mwishoni mwa 2021 ni peni 55. Wazo lenyewe lina mizizi ya zamani: mwanauchumi Milton Friedman, ambaye hakuna anayeweza kumwita msoshalisti, alipendekeza mwaka 1962 kwamba mwenye kipato cha chini alipwe na serikali, kisha malipo hayo yapungue polepole kadiri anavyojipatia chake. Naiona hoja hii kuwa ya haki. Imemchukulia maskini kuwa mtu mwenye akili timamu.

Sasa sikiliza hili, kwa maana barazani halitajwi. Machi 2016 Duncan Smith huyohuyo alijiuzulu uwaziri, akilalamika kwamba serikali ya chama chake inapunguza posho za walemavu ilhali wenye uwezo wanapunguziwa kodi. Anayesema wahafidhina wote ni kauli moja aikumbuke siku hiyo.

"Kikomo kikiwekwa, kila mtu anabanwa"

Hapana. Mwaka 2013 Uingereza iliweka kikomo cha jumla ya posho, pauni 26,000 kwa mwaka kwa familia, ikakishusha mwaka 2016. Tangu 2023 ni pauni 25,323 ndani ya London na 22,020 nje yake. Hakiwagusi wanaopokea posho za ulemavu, wanaomlea mgonjwa kwa posho ya uangalizi, wala wenye kazi inayowaingizia kiwango kilichowekwa. Wanaoumia zaidi ni wasio na kazi wenye watoto wengi au kodi kubwa ya nyumba, na hao wanaumia kweli.

"Walitaka maskini wasizae"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapotengana nao.

George Osborne, waziri wa fedha wa Conservative, alitangaza mwaka 2015 kwamba nyongeza ya mtoto katika posho itatolewa kwa watoto wawili tu, na sheria ikaanza kwa waliozaliwa kuanzia 6 Aprili 2017. Barazani tuliipokea kama tusi, sisi tuliolelewa nyumba za watoto sita na saba. Maneno ya serikali yalikuwa tofauti: anayeishi kwa mshahara wake hupima mfuko kabla ya kuongeza mtoto, hivyo anayesaidiwa na walipa kodi naye apime vivyo hivyo. Na ile posho ndogo ya kila mtoto iliendelea kulipwa hata kwa wa tatu na wa nne. Waliosamehewa sharti hilo ni pamoja na mapacha, na watoto waliopatikana kwa mama kulazimishwa.

Hiyo ndiyo hoja kama ilivyo, bila kuipaka matope. Bado nasema iliwaumiza wasiostahili. Zaidi ya nusu ya familia zilizoguswa zilikuwa na mtu anayefanya kazi. Watafiti walipochunguza kama watu wamepunguza kuzaa, walikuta badiliko dogo mno. Maisha hayapangiki hivyo: mtu huzaa watatu akiwa na kazi nzuri, kisha kiwanda kikafungwa au mume akafa. Na mama aliyebakwa kulazimika kulithibitisha jambo hilo ili mwanawe apate chakula, hilo sioni pa kulitetea. Mzigo wa uamuzi wa mzazi uliangukia tumbo la mtoto. Serikali ya Labour, chama cha mrengo wa kati-kushoto, ilitangaza katika bajeti ya Novemba 2025 kwamba sheria hiyo itaondolewa kuanzia Aprili 2026.

"Ni wahafidhina waliowafungia wageni mlango"

Kijana mmoja wa mtaani alitaka kusafiri mwaka juzi, akaambiwa na wakala kwamba akifika Uingereza mambo yakikwama serikali itamlisha. Hakuna kitu kama hicho. Mwenye viza ya kazi, ya masomo au ya kumfuata mwenzi wake, kwa kawaida haruhusiwi kuomba posho za serikali mpaka apate ukaazi wa kudumu, na hilo huchukua miaka. Akiba na mshahara wake ndiyo tegemeo lake. Mwenye mtoto anayejiandaa kuondoka aisome viza mstari kwa mstari.

Lakini msingi wa zuio hilo ni sheria ya mwaka 1999, wakati wa Tony Blair wa Labour. Na hata kwa wenyeji, masharti makali hayakuletwa na wahafidhina peke yao; vyama vya kati-kushoto navyo viliyaleta. Marekani, Rais Bill Clinton wa Democratic ndiye aliyetia saini sheria ya 1996 iliyoweka ukomo wa miezi 60 maishani kwa msaada wa fedha wa serikali kuu kwa familia maskini, ingawa bunge lilikuwa mikononi mwa Republican. Ujerumani, masharti makali ya mwaka 2005 kwa wasio na kazi yaliletwa na kansela Gerhard Schröder wa Social Democrats.

"Hayo ni ya Wazungu, hayatuhusu"

Yanatuhusu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inaitaka serikali itoe hifadhi ya jamii kwa wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Huo tayari ni mpaka. Inua Jamii, ile tunayoiita pesa za wazee, hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70 wasio na pensheni, na pia kwa walezi wa mayatima na kwa wenye ulemavu mkubwa. Hakuna chama hapa Kenya kilichojipa jina la kulia au kushoto kwa sababu ya masharti hayo, lakini maswali ni yaleyale.

Halati yangu, dada wa mama, anakaanga viazi karai jioni pale Majengo, mkono wa kulia ukimtetemeka. Bendera ilipopandishwa Desemba 1963 alikuwa ameshaanza chuo cha Qur'ani, anasoma juzuu, na dada zake wakubwa wanalikumbuka hilo. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1960. Cheti cha kuzaliwa hana, kwa kuwa alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga. Nilimuuliza ami kama mpaka wa miaka 70 ni wa haki. Akasema mpaka lazima uwepo, kisha akanyamaza. Kila Ijumaa humpelekea halati unga na mafuta ya kupikia, na huu ni mwaka wa pili wanafuatilia karatasi.