Mpini hautaki godoro

Juzi nimeletewa tezo, kile chombo cha kuchongea mbao, mpini wake umezongwa tyubu ya pikipiki kuanzia kitako hadi karibu na chuma. Mwenyewe ni kijana wa Matondoni, kijiji cha huku kwetu Lamu, anajifunza kuunda mashua. "Ami, nimeuvisha mpira uwe laini, lakini malengelenge yamezidi." Huyu ni wa nne tangu kaskazi ianze kuvuma. Kusema nimechoka, basi naandika.

Laini si raha. Mpira ule unacheza. Ukipiga tezo, mti unakwenda huku, mpira unavutika kule, na ngozi yako iko katikati inasagwa. Jasho halina pa kutokea. Tena mpini umenenepa, vidole haviuzunguki sawasawa, kwa hiyo unakaza zaidi, na adhuhuri haijafika mkono umekakamaa.

Niliikata ile tyubu. Chini yake mti umekuwa mweusi kwa unyevu, na kuna ufa wa urefu wa kidole. Hapo ndipo hasira zilinipanda hasa. Ukiufunika mpini wote huoni unapopasuka, na chuma kikichomoka hakichagui mguu wa nani.

Kabla ya kuuliza ufunge nini, uliza panapouma ni wapi. Chukua masizi ya sufuria, paka mpini, chonga dakika tano, kisha tazama mpini na kiganja. Masizi yalipofutika ndipo mti unapokubana. Yaliposalia mkono haufiki kabisa. Sasa piga tupa, taratibu, hapo panapobana tu. Msasa. Masizi tena. Mimi hurudia mara tatu au nne, na bado kuna mpini mmoja nilioukondesha mpaka nikautupa.

Halafu kuna hawa wanaopenda mpini mviringo kama bomba la maji, eti ndio nadhifu. Kwa patasi sawa, maana patasi unaizungusha vidoleni. Kwa tezo na nyundo, la! Mpini wenye umbo la yai unakwambia makali yameelekea wapi hata ukifumba macho. Ule mviringo unageuka mkononi, nawe unaubana usigeuke, ndiyo hayo malengelenge mnayoyaletea mpira. Kuhusu unene, vipimo vinavyotajwa sana kwa kifaa cha kushika kwa nguvu ni milimita 30 hadi 50. Sibishani, ila hiyo 50 kwa mkono wangu ni kukumbatia mnazi.

Vanishi ikwangue. Mkono ukilowa jasho inateleza. Paka mafuta ya kitani kidogo, futa yanayozidi, na tambara lenyewe litandaze nje. Ukilikunja likae pembeni linaweza kushika moto lenyewe. Nyundo ikilegea usiiloweke maji: mti ukikauka italegea kuliko mwanzo. Piga kabari.

Kufunga nafunga, sikatai, hasa kwa kazi ya majini mikono ikiwa imelowa. Lakini ni kitako tu, kwa uzi wa pamba uliopakwa nta. Laza kitanzi juu ya mpini, zungusha uzi juu yake, kila mzunguko ubanane na mwenziwe, mwisho tia ncha kitanzini, vuta upande wa pili mpaka izame chini ya uzi. Aliyewahi kufunga ncha ya kamba ya tanga anajua. Huko juu acha wazi, ufa uonekane.

Patasi za nakshi sizifungi kabisa. Vidole vinataka kusikia mti. Ndivyo niwaambiavyo wanafunzi wangu. Lakini wapo mafundi wawili hapa Amu (Lamu mjini) wanaozifunga patasi zao nyuzi tele, na milango yao ikisimama karibu na yangu mimi natazama pembeni. Hilo sijalipatia jibu.

Mpini wa kijana haukuokoleka, tulichonga mwingine wa mpera. Tyubu nimebaki nayo mimi. Hakuna kitu kizuri kama hicho kwa kubania mbao mpaka gundi ikauke.