Hofu ya UE na kukosa mzuka wa kusoma: tunayoambiana mageto ya Mtwara na ukweli wenyewe

Mwezi wa pili hapa Mtwara mvua inagonga bati usiku kucha na ndo kipindi hicho UE, yani mitihani ya chuo ya mwisho wa semista, za semista ya kwanza zinaanza, ukipita Chikongola usiku wa manane unakuta mageto yanawaka taa kama kuna msiba. Mi nilishamaliza chuo ila naishi na mdogo wangu yupo mwaka wa pili, na mwaka jana alitoka kwenye chumba cha mtihani baada ya dakika ishirini, karatasi nyeupe kabisa, na hilo somo wiki nzima alikuwa anawafundisha wenzake. Yani niliumia. Lakini kilichoniuma zaidi ni maneno aliyoambiwa baada ya pale, karibu yote hayakuwa ya kweli, kwahiyo nayajibu hapa.

"Ukipaniki ujue hukusoma"

Hili ndo la kwanza na ndo baya kuliko yote. Mwili ukihisi hatari, tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga homoni za adrenalini na kortisoli, moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, tumbo linavuruga, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Mwili hautofautishi sana kati ya nyoka na karatasi ya maswali. Sasa kortisoli ikipanda, kuvuta kitu kutoka kwenye kumbukumbu kunakuwa kugumu, kitu kipo ila hakitoki, na hapo hapo ile nafasi ndogo ya akili unayotumia kushikilia swali imeshajaa mawazo ya "nikikeri je, nikidisko nitamwambia nini baba", yani nikibeba somo mpaka mwaka ujao au nikifukuzwa chuo. Ndo maana ukitoka nje ukakaa chini ya mwembe robo saa majibu yote yanarudi moja moja. Ungekuwa hukusoma yangerudi kutoka wapi?

"Katupiwa kitu huyo"

Bibi yetu yupo Newala, alipopigiwa simu alisema mtoto arudi nyumbani haraka, kuna mtu kamfanyia. Simlaumu bibi hata kidogo, kijana mzima anatetemeka mikono na kusahau hata namba yake ya mtihani, lazima mzazi aogope. Lakini nilimwomba bibi tuangalie pamoja: hali inakuja siku ya mtihani tu, inaanza karibu na mlango, na baada ya saa moja mbili inaisha yenyewe, homoni zikishashuka. Dua ilisomwa na ilimtuliza, na dogo akabaki chuoni, kwa sababu angepanda basi la Newala hofu ingemsubiri hapa hapa mpaka siku ya sapu, mtihani wa marudio.

Kilichomsaidia ni vitu vidogo. Kupumua, ila pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, unahesabu nne kuvuta na sita au nane kutoa, hiyo inapunguza kasi ya moyo kweli. Kuanza na swali analoliweza hata kama ni la sita. Na kuandika hofu yenyewe kwenye karatasi ya pembeni kabla ya kuingia: mwaka 2011 Ramirez na Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa utafiti ambapo wanafunzi wenye hofu walioandika wasiwasi wao kwa dakika 10 kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wenye hofu ambao hawakuandika hivyo. Sio dawa ya kila mtu ila haina gharama.

"Usiogope kabisa"

Ushauri huu una nia njema ila hauwezekani na wala hauhitajiki. Hofu kidogo inakuamsha. Shida ni ikizidi, hasa kwenye maswali magumu, na unachotafuta ni kuishusha, sio kuimaliza.

"Wenye akili wanakesha, wanasoma desa (notsi za somo) mara tano"

Usingizi ndo muda ambao ubongo unayapanga na kuyakaza uliyosoma mchana, ukikesha unajinyima hicho hicho ulichokuwa unakitafuta, na kesho yake hofu inakuwa kubwa zaidi kwa sababu mwili umechoka. Na hizi kahawa na enaji za usiku, kafeini inachukua kama masaa matano kupungua nusu, kwahiyo ya saa nne usiku ikifika saa tisa nusu yake bado inazunguka mwilini.

Kurudia desa nako kunadanganya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walipima wanafunzi Marekani, wengine wakasoma habari na kuirudia, wengine wakaisoma alafu wakajaribu kuikumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia walikuwa juu, baada ya wiki moja waliojipima wakawaacha. Kwahiyo funga desa, andika unachokumbuka, fungua, ona ulichosahau. Sisi tulikuwa tunaulizana pasti pepa jioni na sahani ya ming'oko katikati, tunajiwekea muda kama kwenye UE, na siku ya mtihani chumba kile hakikuwa kigeni sana.

"Subiri mzuka uje"

Babu yangu alikuwa na mikorosho na msimu wa kupuliza salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga anaamka alfajiri umande haujakauka, anabeba pampu mgongoni, sijawahi kumsikia akisema leo sina mzuka. Mzuka unakuja ukishaanza, mara nyingi dakika ya kumi hivi. Shida ni kwamba kila ukifungua desa kifua kinabana, ukifunga ukashika simu unapata nafuu pale pale, na ubongo unajifunza kuwa kukwepa ndo kunaleta nafuu, kesho inakuwa ngumu zaidi. Ukimwangalia kwa nje tunaita uvivu, na mwenyewe anaamini ni mvivu, kumbe ni hofu ile ile imevaa kanzu nyingine. Anza na swali moja tu, dakika ishirini, simu umempa jirani. Ukimaliza acha ukitaka. Kesho tena.

Na kuna wenye sababu nzito. Wazazi wengi huku wanasubiri mnada wa korosho ndo walipe ada, na pesa ikichelewa mtoto anasoma huku hajui kama ataruhusiwa kuingia kwenye chumba. Yalinikuta, nilirudishwa mlangoni asubuhi ya mtihani kwa deni, somo lile nililijua mpaka mwisho. Usisubiri wiki ya UE, nenda kwa mhasibu na kwa mlezi wa wanafunzi mapema na uombe mpango wa kulipa kwa maandishi.

"Mwache, atazoea"

Mtu akiwa hana raha, hali chakula vizuri, usingizi umekatika au analala siku nzima, hata mpira alioupenda hautaki, na imepita wiki mbili, hiyo inaweza kuwa sonona (depression) na inatibika. Nendeni nae hospitali, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi, na mwambieni daktari hivyo hivyo mnavyoona. Akianza kuongelea kufa usimwache peke yake hata dakika moja, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Dogo alifanya sapu mwezi wa tisa. Nilimsindikiza mpaka getini, akakaa kwenye kigogo akaandika kitu kwenye kikaratasi, akanionyesha: naogopa baba atauza shamba. Akakikunja akaweka mfukoni, akapumua, akaingia. Nilikaa pale nje masaa yote matatu na hakutoka mpaka karatasi zilipokusanywa.